Kabla Hujanunua Kava, Uliza RAM Imekaaje

Bumu likiingia, chuo kinabadilika sura kwa wiki moja. Foleni ya kuku kafeteria inaipita ya maharage, bodaboda getini hawapumziki, na magrupu ya WhatsApp ya mwaka wa kwanza yanajaa matangazo ya laptopu. "Mashine kali, ya Dubai, haina hata mkwaruzo. Ukichukua leo unapewa kava, begi, mausi na stika za kibodi bure." Asubuhi moja muhula uliopita nilisoma matangazo manne ya namna hiyo kabla sijapiga mswaki. Hakuna hata moja lililosema kama RAM ya hiyo mashine inaongezeka au haiongezeki.

Hilo ndilo linaloniuma. Wasomi tunachagua vikorombwezo vya laptopu kinyumenyume. Tunaanza na vinavyoonekana, kava, taa, mausi, halafu vya ndani tunasema "nitaongeza baadaye". Kwa laptopu nyingi za bei, hiyo baadaye haipo. Uamuzi wa kuiongezea mashine nguvu unaufanya ukiwa bado na hela mkononi, umesimama mbele ya meza ya muuzaji. Ukishalipa, mara nyingi mlango umeshafungwa, tena kwa risasi ya moto.

Nasema hivi kwa sababu nimepigwa. Tena sikupigwa na tapeli, nilijipiga mwenyewe. Mwaka wa kwanza mama alichukua mkopo kwenye kikundi chao cha VICOBA, laki tisa, akanitumia kwenye simu. Kabla ya kutuma aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo mashine itakufikisha mpaka umalize?" Nikamjibu itafika, mama, na ikizidiwa nitaiongezea RAM. Mama hajui RAM ni kitu gani, lakini mwanawe anasoma chuo kikuu, kwa hiyo aliamini.

Nikaenda Kariakoo. Winga akanidaka kabla sijavuka barabara, akanipeleka duka moja ghorofani. Nikachukua mashine nyembamba, ya chuma, kibodi inawaka taa, jina lake kubwa (silitaji, maana kosa halikuwa la jina). RAM GB 4, diski GB 128. Pembeni yake ilikuwepo pacha wake yenye RAM GB 8, imezidi laki moja. Muuzaji akasema, "Chukua hii, utaiongeza tu mbele ya safari." Nikaona nimeokoa laki. Na ile laki nikaitendea haki: kava la kung'aa, mausi isiyo na waya, na kipoozeo chenye feni mbili na taa za bluu. Jumla elfu themanini na tano.

Muhula wa pili ulipofika, ukifungua Word pamoja na makala tano za PDF na kivinjari, mashine inaganda kama imeona simba. Nikaipeleka kwa fundi. Akafungua skrubu za chini, akaangalia kama dakika mbili, akaniita. "Mdogo wangu, hapa hakuna pa kuongeza. RAM imechomelewa." Akanionyesha vipande vinne vyeusi vilivyolala kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanauita mazabodi. Hela yangu hakuchukua. Nadhani alinihurumia. Mama alilipa rejesho la mwisho mwezi wa nane, na wakati huo mashine nilikuwa nimeshaiuza kwa laki tatu na nusu.

Kwa hiyo tuelewane kwanza kuhusu hii RAM, maana wengi tunaitaja kama tunavyotaja majina ya wachezaji. Diski ni kabati, RAM ni meza. Kabati linahifadhi kila kitu, lakini unaweza kufanyia kazi kile tu kilichopo mezani. Meza ikiwa ndogo, mashine inashinda inapandisha na kushusha vitu kabatini, na wewe unatazama kiduara kinazunguka. Prosesa iwe kali namna gani, meza ya GB 4 kwa mwanafunzi wa leo ni dhuluma. GB 8 unaishi. GB 16 unasahau kwamba kuna kitu kinaitwa RAM.

Sasa, meza yenyewe inakuja kwa namna mbili. Kuna RAM inayokaa kwenye tundu: unachomoa, unachomeka kubwa zaidi, umemaliza kazi kabla chai haijapoa. Na kuna iliyochomelewa ubaoni. MacBook Air imekuwa na RAM ya kuchomelewa tangu ya kwanza kabisa ilipotoka mwaka 2008, na kwenye zile zilizoanza na chipu ya M1 mwishoni mwa 2020, RAM imepakiwa pamoja na chipu yenyewe. Dell XPS 13 nayo ni ya kuchomelewa. ThinkPad X1 Carbon vilevile, ingawa hiyo diski yake unaweza kuibadilisha. Upande wa pili kuna mashine za ofisini ambazo zilikuwa za bei kubwa zikiwa mpya na sasa zimejaa sokoni zikiwa zimetumika: ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina matundu mawili ya RAM, HP EliteBook 840 G5 nayo mawili. Lakini jichanganye kidogo, ubebe T480s badala ya T480, tofauti ya herufi moja tu, na utakuta sehemu ya RAM imechomelewa na tundu limebaki moja. Herufi moja! Ndiyo maana nasema usiulize "hii ni ThinkPad?" Uliza modeli kamili, andika kwenye simu, rudi hosteli ukatafute. Muuzaji akikwambia ofa inaisha leo, mwache aimalize.

Mwenzangu wa chumba ananiona nimekuwa mhubiri. Yeye ana MacBook Air ya M1, GB 8, haifunguliki popote, na hana shida. Haina hata feni. Anaingia darasani saa moja asubuhi bila chaja, anarudi jioni bado ina moto, mimi nimeshagombea soketi maktaba mara mbili. Nakubali, na sitaki kujifanya sijaona. Ila angalia alichofanya: alipunguza matumizi ya muhula mzima ili achukue yenye GB 8 na diski ya 256, akakataa kava na begi, akamwambia muuzaji ampunguzie bei badala ya zawadi. Yeye aliongeza RAM siku ya kununua. Mashine iliyofungwa si dhambi. Dhambi ni kununua iliyofungwa yenye uwezo mdogo ukiwa na ndoto ya kuifungua.

Kuhusu diski sitakaa sana. Kama mashine yako bado ina diski ile ya kuzunguka, badilisha uweke SSD kabla hujanunua kitu kingine chochote, hata mausi. Diski ya kuzunguka inasoma kama MB 100 hivi kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inafika 550, na zile za NVMe zinapita 3,000. Kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili utahisi mpaka kwenye mifupa. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, kwa mtu anayeandika andalio la somo na kufungua slaidi, sidhani kama utaona kitu, kwa hiyo usikubali kubanwa bei. Tahadhari moja: kile kipande chembamba cha M.2 kinakuja kwa aina zote mbili, SATA na NVMe, na vinafanana kama Kulwa na Doto. Zipo mashine zinazokubali aina moja tu. Uliza kwanza.

Halafu kuna hili la Windows ambalo wauzaji wamelikalia kimya. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Kizazi unakisoma kwenye jina: i5-8350U ni cha nane, i5-7300U ni cha saba. Fundi mjanja anaweza kuilazimisha Windows 11 kwenye cha saba, na inawaka, lakini unakuwa mgeni usiyealikwa. Sasa hivi mashine za kizazi cha sita na cha saba zinamwagwa sokoni kwa bei ya kuvutia, na mwaka wa kwanza ndio wanaozipokea. Ukiitia RAM GB 16 na SSD mpya mashine ya namna hiyo, umempaka rangi mpya mpangaji anayehama. Unless... samahani, isipokuwa kama unajua kutumia Linux, na hapo basi wewe hunihitaji mimi.

Tuje kwenye vinavyochomekwa kwa nje, maana hapa ndipo hela ndogondogo zinapopotelea, na hapa ndipo nimejifunza zaidi kuliko darasani.

Chaja kwanza. Laptopu nyingi za miaka hii zinachajiwa kwa USB-C, ile tunayoita taipu C, na tumejenga imani kwamba kila kinachoingia tunduni kinafaa. Si kweli. MacBook Air ya M1 inatosheka na chaja ya wati 30. T480 inataka kama 65. Ukiichomeka T480 kwenye chaja ya simu, ama itakataa, ama itachaji kwa mwendo wa konokono. Na waya nao una ukomo wake: waya wa kawaida wa USB-C mwisho wake ni wati 60, na kwenda 100 lazima uwe na kichipu kidogo ndani cha kuutambulisha. Kwa hiyo unaweza kuwa na chaja nzuri na mashine nzuri, halafu waya wa buku tatu unawabana wote wawili. Jirani yangu wa hosteli alinunua chaja ya bei poa isiyo na jina lolote. Wiki ya pili tukasikia harufu, na mashine haikuwaka tena. Fundi alisema ubao umeungua eneo la kuchajia. Chaja ilikuwa ya elfu kumi na tano. Mashine ilikuwa ya milioni moja na laki mbili.

Betri pia ni ya kuuliza mapema, na hii hata muuzaji akikudanganya mashine yenyewe haidanganyi kirahisi. Kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti. Angalia namba mbili: uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Kama ya pili ni nusu ya ya kwanza, huyo muuzaji akutolee bei ya betri mpya. Kwenye MacBook utakuta idadi ya mizunguko, na Apple wenyewe wanahesabu 1,000 kwa modeli zao za miaka ya karibuni kabla betri haijahesabika kuwa imechoka. Hii ripoti inachukua dakika moja. Nimeshuhudia mtu akiitumia pale dukani, bei ikashuka elfu sabini bila kelele.

T480 nina sababu nyingine ya kuipenda. Ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma unayoichomoa kwa mkono. Umeme ukikatika hosteli na umebakiwa na kurasa tatu za kazi ya kukabidhi asubuhi, unachomoa ya nyuma iliyokwisha, unachomeka nyingine iliyojaa, mashine haizimi kwa sababu ya ndani inaishikilia. Kwangu mimi betri ya ziada ya nyuma ni kikorombwezo cha maana kuliko begi lolote. Taa za kibodi zinapendeza sana gizani, lakini zinataka mashine iliyowaka.

Sasa wenzangu wa elimu, hili ni letu. Mwaka jana nilikwenda TP, sekondari moja ya kata, kidato cha tatu, Jiografia, mada ya kukunjamana na kupasuka kwa miamba. Shule ilikuwa na projekta moja, na tundu lake lilikuwa VGA, lile pana la pini kumi na tano. Laptopu nyingi za kisasa hazina VGA, na zile nyembamba hazina hata HDMI, ni USB-C mbili ubavuni basi. Mimi nilikuwa nimeshanunua mashine ya pili, yenye HDMI, na mfukoni nilikuwa na adapta ya HDMI kwenda VGA ya elfu kumi na mbili. Wanafunzi zaidi ya sabini waliona Bonde la Ufa kutoka angani, na kijana mmoja wa nyuma akauliza kama Ziwa Natron na Ziwa Manyara yamekaa kwenye mpasuko mmoja. Mwenzangu wa somo hilohilo, mwenye laptopu ya bei mara mbili ya yangu, hakuwa na pa kuchomekea. Alichora ubaoni kwa chaki. Na niwe mkweli, mchoro wake ulikuwa mzuri kuliko slaidi zangu, na msimamizi alimpa alama za juu. Lakini siku ya video ya volkano alikuja kuazima adapta yangu, na sijairudishiwa mpaka leo.

Kwa mwalimu mtarajiwa, basi, orodha ya nje inaanza na adapta inayolingana na matundu ya mashine yako, ikifuatiwa na waya wa HDMI mrefu, maana projekta za shule zinakaa mbali na meza. Kisha mahali pa kuhifadhia nakala. Andalio la somo, ripoti ya TP, data za utafiti wa mwaka wa tatu, vyote vikikaa kwenye diski moja unacheza kamari. Diski ya nje nunua mahali penye risiti, na ukiona imeandikwa TB 2 kwa bei ya chipsi mayai mbili, hiyo ni fleshi ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Inapokea mafaili yote kwa tabasamu, ukija kuyafungua hayapo.

Vilivyobaki nitavipita haraka. Kava gumu: linaweka joto na halizuii kioo kuvunjika ukikalia begi. Vifuniko vya kamera: mwaka 2020 Apple ilitoa onyo kwamba usiifunge MacBook ikiwa na kifuniko cha kamera, kwa sababu nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo sana na kioo kinaweza kupasuka. Kipoozeo chenye taa za bluu: ninacho, kinauzwa, njoo tuelewane. Begi lenye sponji la kutosha nunua, hilo sina ugomvi nalo, daladala za saa moja asubuhi sote tunazijua.

Sasa niwageukie viongozi wetu. Kila mwaka wakati wa usajili wa mwaka wa kwanza, serikali ya wanafunzi inaruhusu wauzaji kuweka meza ndani ya chuo, na inapokea malipo ya meza. Sipingi. Chama kinahitaji hela, na mwanafunzi anayetoka mkoani anahitaji pa kununulia bila kuvutwa shati na mawinga. Lakini mnapomruhusu muuzaji akae chini ya bango la chama, yule mtoto wa miaka kumi na tisa anaamini kwamba chama kimemkagua. Hamjamkagua. Nilimuuliza kiongozi mmoja, akanijibu, "Kamanda, sisi hatuwezi kuingilia biashara ya mtu." Haya. Lakini mama ntilie wa kafeteria mnamkagua sufuria.

Ninachoomba ni karatasi moja. Kila laptopu inayowekwa mezani ndani ya chuo iwe na karatasi imebandikwa: modeli kamili mpaka herufi ya mwisho, kizazi cha prosesa, RAM ni kiasi gani na iko kwenye tundu au imechomelewa, uwezo wa betri uliobaki kwa ripoti ya mashine yenyewe, na muuzaji anairudisha ndani ya siku ngapi ikisumbua. Asiyetaka kuandika, asipewe meza. Haigharimu chama hata shilingi. Na mhariri wa jarida hili naye, nakuomba kwa heshima: toleo lililopita tulibeba tangazo la laptopu ambalo picha ya begi la zawadi ilikuwa kubwa kuliko maelezo ya mashine. Ukiikata sentensi hii nitaelewa.

Mpaka hiyo karatasi ipatikane, Alhamisi jioni baada ya kipindi cha saa kumi mimi nipo kwenye baraza la maktaba na bisibisi yangu. Sitozi. Njoo na picha ya sehemu ya chini ya mashine unayotaka kununua, ile yenye namba ya modeli, lakini njoo kabla hujalipa. Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja wiki iliyopita na risiti mkononi na kava jipya la waridi, akaniuliza kama RAM yake inaongezeka. Nilifungua skrubu zote kumi, nikaangalia, nikazirudishia moja moja, taratibu, nikitafuta namna ya kumwambia.